Sinema, Kahaba na Macho Yetu



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alinisubiri mlangoni pa sakristia. Alikuwa na swali lililomkosesha usingizi. Aliwakuta watoto wake wawili, ambao wamekwisha kupokea Kipaimara, wakitazama filamu inayosimulia maisha ya mwanamke anayejiuza. Mama akazima televisheni. Binti yake mkubwa akamwambia: "Lakini, Mama, hukuiona mpaka mwisho." Basi mama huyo akaniuliza: "Baba Paroko, nilikosea?"

Nilimwomba anipe muda wa wiki moja. Jibu fupi ningeweza kumpa palepale: zipo filamu zilizotengenezwa kwa kusudi la kuwasha tamaa na kuchuma fedha, na hizo zizimwe bila mjadala. Lakini binti aliuliza jambo jingine, na jambo hilo si geni ndani ya Kanisa. Mapadre, maaskofu na hata Mababa Watakatifu wamelitafakari tangu sinema ilipoanza kujaza kumbi za miji. Naona inafaa leo tuipitie historia hiyo, kwa kuwa ndani yake lipo jibu kwa mama, na lipo pia swali kwetu sote.

Mezani pa Simoni

Tuanzie katika Injili ya Luka, sura ya 7. Yesu ameketi chakulani katika nyumba ya Simoni Mfarisayo. Anaingia mwanamke ambaye mji mzima unamjua kuwa mwenye dhambi. Analia, anailowesha miguu ya Bwana kwa machozi, anaipangusa kwa nywele zake na kuipaka marhamu. Simoni anawaza moyoni kwamba kama mgeni wake angekuwa nabii, angalijua ni mwanamke wa namna gani anayemgusa. Ndipo Yesu anapomgeukia mwanamke yule na kumwuliza Simoni kama anamwona.

Swali hilo ni la ajabu. Nani hakumwona? Alikuwa amevuruga karamu nzima! Lakini Simoni alikuwa amemtambua tu. Alijua sifa yake, akaridhika na sifa hiyo, asiangalie zaidi.

Tena tuangalie mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyapita. Kwanza, Luka hasemi dhambi ya mwanamke huyo ilikuwa ipi. Sisi ndio tuliojaza nafasi hiyo. Pili, hakuna mtu mezani pale anayeuliza juu ya wanaume. Kama mwanamke huyo kweli alikuwa kahaba, basi mjini mlikuwamo wanaume waliomlipa. Vivyo hivyo katika Yohane sura ya 8, mwanamke anayeletwa mbele ya Yesu amefumaniwa katika kitendo chenyewe cha uzinzi, na mwanamume aliyekuwa naye haonekani popote. Mambo haya mawili, kujaza sifa ambayo haikuandikwa na kumficha mwanamume, tutayakuta tena na tena katika sinema.

Mwaka 591 Mtakatifu Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri yake mjini Roma, alimfanya mwanamke huyo asiye na jina kuwa mtu mmoja na Maria Magdalena na Maria wa Bethania. Injili inasema tu kwamba Maria Magdalena alitokwa na pepo saba; hakuna mahali inaposema kuwa alijiuza. Hata hivyo, katika Kanisa la Magharibi alichorwa na kuhubiriwa kama kahaba aliyetubu kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Marekebisho ya kalenda ya liturujia ya mwaka 1969 yalimtenganisha na wanawake hao wengine, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, sawa na za Mitume. Wakati huo sinema ilikuwa imekwisha kulipokea kosa letu la zamani na kulieneza duniani kote.

Padre aliyeandika kanuni za Hollywood

Mwaka 1927 mwongozaji Mmarekani Cecil B. DeMille alitoa filamu kubwa juu ya maisha ya Bwana wetu, The King of Kings, yaani Mfalme wa Wafalme. Mtazamaji angetarajia ianzie Bethlehemu au Nazareti. La hasha! Inaanzia kwenye karamu ya Maria Magdalena, mwanamke tajiri mwenye vito na mavazi ya kuvutia, ambaye anakasirika kusikia kwamba mpenzi wake Yuda amemwacha na kumfuata seremala fulani. Anapanda gari linalokokotwa na pundamilia kwenda kumdai. Hakuna neno hata moja la Injili katika hayo. Lakini DeMille aliujua umati wake: mpe kwanza macho yake yashibe, kisha mpe toba.

Miongoni mwa washauri wa filamu hiyo alikuwamo padre Mjesuiti kutoka Saint Louis, Daniel Lord. Miaka mitatu baadaye padre huyo huyo, akishirikiana na mchapishaji Mkatoliki Martin Quigley, aliandika kanuni za maadili ambazo wenye kampuni za filamu wa Marekani walizipokea mwaka 1930. Zilijulikana kwa jina la Will Hays, kiongozi wa umoja wao. Kanuni hizo zilitaka huruma ya mtazamaji isielekezwe kamwe upande wa dhambi. Zilikataza kabisa habari za biashara ya kuuza wanawake, na zilisema danguro si mahali panapofaa kuonyeshwa.

Kwa miaka minne ya kwanza kanuni hizo zilibaki maandishi tu. Uchumi ulikuwa umeanguka, kumbi zilikuwa tupu, na kampuni ziliuza chochote kilicholeta watu. Ndipo Wakatoliki wa Marekani walipochachamaa. Mwaka 1934 Kardinali Dougherty wa Philadelphia aliwaagiza waamini wake wasiingie katika ukumbi wowote wa sinema. Legio ya Staha iliundwa, na mamilioni ya waamini wakaweka ahadi ya kuziepuka filamu chafu. Kampuni zikasalimu amri. Kuanzia Julai 1934 ofisi ya ukaguzi chini ya Joseph Breen, naye Mkatoliki, ilisoma kila mswada, na kampuni iliyothubutu kutoa filamu bila kibali chake ilikabiliwa na faini ya dola 25,000. Papa Pio XI aliisifu kazi hiyo katika waraka wake Vigilanti Cura wa tarehe 29 Juni 1936.

Ndugu zangu, tusiidharau juhudi hiyo. Wazee wetu hao waliona jambo la kweli, kwamba picha huingia rohoni haraka kuliko mahubiri, na kwamba mwenye kuuza tiketi hataulinda moyo wa mtoto wako. Uzuri ulipatikana. Lakini hasara nayo ilipatikana, na uaminifu unatudai tuitaje.

Chukueni filamu Waterloo Bridge ya mwaka 1940. Msichana mcheza dansi mjini London, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, anapata habari kwamba mchumba wake amekufa vitani. Anakosa kazi, anakosa chakula, na mwishowe anawangojea askari kwenye stesheni ya treni. Mchumba anarudi akiwa hai. Msichana hawezi kumwambia, wala hawezi kumdanganya. Basi anajitupa mbele ya magari ya jeshi darajani. Neno "kahaba" halitamkwi. Mtazamaji anatoka ukumbini akifuta machozi, na kanuni zimetimizwa kikamilifu: dhambi imeadhibiwa. Lakini hao askari waliomlipa, mmoja baada ya mwingine, wamekwenda wapi? Hakuna aliyewaadhibu, maana hakuna aliyewaonyesha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi. Mwanamke aliyejiuza alikufa kabla filamu haijaisha, au aligeuzwa jina. Katika From Here to Eternity ya mwaka 1953, danguro lililokuwamo katika riwaya lilifanywa kilabu cha heshima chenye wahudumu wanaozungumza na wageni.

Kwa kutaka dhambi isionekane, mara nyingi kilichofichwa ni mdhambi mmoja kati ya wawili, na pamoja naye njaa iliyomfikisha mwenzake hapo.

Tokyo, mwaka 1956

Mbali sana na Hollywood na Roma, mwongozaji Mjapani Kenji Mizoguchi alikuwa akiwatazama wanawake hao kwa jicho jingine. Hakuwa Mkristo. Alikuwa na kidonda nyumbani: familia yake ilipofilisika, dada yake alitolewa kwa watu wengine, na hatimaye akauzwa kwenye nyumba ya geisha. Mwaka 1956, miezi michache kabla ya kufa kwake, Mizoguchi alitoa filamu yake ya mwisho, Akasen chitai, inayosimulia wanawake watano wa danguro moja katika mtaa wa Yoshiwara mjini Tokyo.

Hamna uchi ndani yake wala jambo la kuwasha tamaa. Kuna hesabu. Mmoja ana mume mgonjwa asiye na kazi, na mtoto mchanga anayehitaji maziwa. Mwingine ni mjane aliyemlea mwanawe kwa fedha hizo, na sasa kijana huyo, akiisha kuijua kazi ya mama yake, anamkana. Mama anarukwa na akili. Mwenye danguro anatamba mbele yao kwamba yeye ndiye anayewasaidia pale serikali inaposhindwa, huku madeni yao kwake yakiongezeka kila mwezi. Redioni wanasikia kwamba bunge linajadili muswada wa kupiga marufuku biashara hiyo. Filamu inafungwa na msichana mdogo aliyekuwa akifanya kazi za ndani humo. Jioni hiyo amepakwa poda kwa mara ya kwanza, naye amejificha nusu nyuma ya ukuta, akiita wapita njia kwa sauti isiyotoka.

Filamu ilitoka mwezi Machi. Mwezi Mei mwaka huo huo bunge la Japani lilipitisha sheria ya kuzuia ukahaba, nayo ikaanza kutumika kikamilifu mwaka 1958. Sitasema kwamba filamu ndiyo iliyoleta sheria. Wanawake wa Japani walikuwa wameipigania kwa miaka mingi. Lakini wengi wanakubali kwamba ilisaidia, kwa sababu iliwaonyesha watu jambo ambalo walikuwa wakilipita kila jioni.

Cabiria na wenye nyumba za serikali

Sasa tuje Italia, ambako jambo hili lilimgusa Kardinali.

Tangu mwaka 1860 serikali ya Italia ilikuwa ikitoa vibali kwa madanguro. Wanawake waliandikishwa, walipimwa na madaktari, bei zilipangwa, na kodi ililipwa. Nchi yenye makanisa katika kila mtaa ilikuwa pia na nyumba zaidi ya 500 za namna hiyo zilizotambuliwa na sheria. Mwaka 1948 seneta mwanamke wa chama cha Kisoshalisti, Lina Merlin, alipeleka bungeni muswada wa kuzifunga. Alipigania muswada huo miaka kumi. Wenzake walimcheka na kumtukana. Mwaka 1955 alisaidia kuchapisha kitabu cha barua ambazo wanawake wa nyumba hizo walimwandikia wenyewe. Sheria ilipitishwa tarehe 20 Februari 1958, na nyumba hizo zikafungwa mwezi Septemba.

Katikati ya mapambano hayo ndipo Federico Fellini alipotoa Le notti di Cabiria, yaani Usiku wa Cabiria. Kisa chake kilitokana kwa sehemu na mwanamke halisi ambaye Fellini alikutana naye akiishi katika kibanda karibu na mifereji ya kale ya maji, nje kidogo ya Roma. Mkewe, Giulietta Masina, ndiye aliyeigiza, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Cannes mwaka 1957.

Niliiona filamu hiyo mara ya kwanza nikiwa seminari kuu. Mlezi wetu mmoja alituonyesha jioni moja ya Kwaresima, bila maelezo yoyote. Mwanzoni tulicheka, maana Cabiria ni mfupi, ana kiburi cha kuchekesha, na anapigana ovyo na wenzake. Katika tukio la kwanza kabisa mpenzi wake anamsukuma mtoni Tiber ili amnyang'anye mkoba wenye lire 40,000. Anaokolewa na watoto, anaamka, na jambo la kwanza ni kuwagombeza waliomwokoa. Bweni zima lilicheka.

Kisha kicheko kikapungua. Cabiria anakwenda na wenzake kwa hija kwenye Madhabahu ya Mama wa Upendo wa Mungu, nje ya Roma. Umati unasukumana, mishumaa inawaka, mlemavu mmoja anatupa magongo yake akitumaini muujiza na anaanguka chini. Katikati ya kelele hizo Cabiria anapiga magoti na kumwomba Mama Maria amsaidie abadili maisha yake. Baadaye, watu wakiwa wameketi nyasini wakila na kunywa, anawatazama mmoja mmoja na kulia kwa uchungu kwamba hakuna aliyebadilika. Tulikuwa vijana wa seminari, tulikuwa tumekwenda hija nyingi. Hakuna aliyecheka tena.

Mwishoni anampata mwanamume mpole anayemwahidi ndoa. Anauza kibanda chake, anachukua akiba yake yote, anaagana na rafiki yake. Mwanamume huyo anampeleka kwenye genge juu ya ziwa. Cabiria anaelewa polepole kwamba huyu naye alitaka fedha tu, na anamsihi amwue kabisa. Mwanamume anachukua mkoba na kukimbia. Usiku unapoingia, Cabiria anainuka na kutembea njiani akiwa hana nyumba wala senti. Vijana wanamzunguka wakipiga muziki, mmoja anamsalimu. Chozi jeusi la wanja limesimama shavuni, naye anaanza kutabasamu, kisha kwa nukta chache anageuza macho na kututazama sisi.

Hafi. Wapendwa, hilo ndilo jambo lililonishika usiku ule na halijaniacha. Kanuni za kale zingemwua. Naye mwanamume, kwa mara hii, hakufichwa: tunamwona uso kwa uso, akitokwa na jasho, akiwa ameushika mkoba.

Usiku wa Kardinali

Kabla ya filamu hiyo kutolewa nchini Italia kulikuwa na hofu kwamba wakaguzi wangeizuia. Mjesuiti rafiki wa Fellini, Padre Angelo Arpa, aliamua kuipeleka kwa mtu ambaye hakuna angemshuku kulegea: Kardinali Giuseppe Siri, Askofu Mkuu wa Genova, mwana wa mfanyakazi wa bandari na mtetezi mkali wa mapokeo. Fellini mwenyewe alipenda kusimulia jinsi Kardinali alivyooneshwa filamu hiyo usiku, katika ukumbi mdogo karibu na bandari. Kardinali aliitazama mpaka mwisho na hakuipinga. Filamu ikapita. Mwaka uliofuata ilipewa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Haikupita nzima. Lilikuwamo tukio la mtu mmoja anayezunguka usiku na mfuko, akiwagawia chakula maskini wanaolala mapangoni nje ya Roma, na Cabiria anafuatana naye kimya. Lilionyeshwa Cannes, kisha likaondolewa, na watazamaji wakalirudishiwa mwaka 1998 tu. Fellini alisema sababu ni watu wa Kanisa waliochukizwa kuona sadaka ikitolewa na mtu asiyetumwa na parokia yoyote. Mtayarishaji alisema ni kwa kuwa filamu ilikuwa ndefu. Lolote kati ya hayo, mimi nikiwa padre husikitika kila ninapolikumbuka. Kahaba aliachwa abaki, na mwenye huruma ndiye aliyekatwa!

Je, Kardinali Siri alikwenda kinyume cha mafundisho? Hapana. Mwaka 1955 Papa Pio XII alikuwa amewaeleza watu wa sinema kwamba hata filamu bora inaweza kuonyesha uovu, mradi haiusifu na inamsaidia mtazamaji kuelewa zaidi mwanadamu na njia yake. Mwaka 1957, mwaka ule ule wa Cabiria, alitoa waraka Miranda Prorsus juu ya sinema, redio na televisheni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilithibitisha jambo hilo katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963: kuonyesha uovu kunaweza kuleta ujuzi wa kina wa mwanadamu, lakini sharti sheria ya maadili iheshimiwe.

Sisemi kwamba Kanisa lilijifunza mara moja. Mwaka 1960 Fellini alipotoa La dolce vita, gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, liliishambulia vikali, na baadhi ya Wajesuiti walioizungumzia vizuri walipata matatizo. Hata hivyo, mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani, na Fellini alikuwamo kwa filamu mbili, La Strada na 8½.

Uongo mtamu

Mnadhani basi kwamba baada ya kanuni za Marekani kufutwa mwaka 1968 mwanamke huyu alionekana wazi? Macho yalipewa mengi, ndiyo. Lakini tazameni yaliyompata Cabiria mwenyewe. Kisa chake kilipofanywa filamu ya nyimbo huko Marekani, Sweet Charity ya mwaka 1969, hakuwa tena mwanamke anayejiuza. Alikuwa mwanamke anayelipwa kucheza dansi na wageni.

Na mwaka 1990 ikaja filamu ambayo wengi wenu mmeiona, Pretty Woman. Tajiri anamlipa mwanamke wa barabarani dola 3,000 kwa wiki moja, anamnunulia nguo, na mwishowe anampanda ngazi akiwa na maua. Mswada wa kwanza wa filamu hiyo ulikuwa mchungu, nao ulimalizika kwa wawili hao kuachana. Kampuni ikaugeuza kuwa hadithi tamu. Humo hatuoni aliyemleta msichana mjini, hatuoni ugonjwa, na hatuoni kipigo ila kidogo. Mnunuzi ndiye mwokozi. Nawaambieni kweli, naiogopa filamu hiyo kuliko ya Cabiria, ingawa hakuna mzazi aliyewahi kunijia sakristia kuilalamikia. Inamfundisha binti kwamba atakayemnunua atampenda, na inamfundisha kijana kwamba fedha yake ni fadhili.

Barabarani

Ninalo jambo la kuungama mbele yenu. Mwaka wangu wa kwanza wa upadre nilikuwa nikirudi usiku kutoka kumpaka mafuta mgonjwa. Karibu na stendi ya mabasi walisimama wanawake watatu. Mmoja aliiona kola yangu, akanisalimu: "Tumsifu Yesu Kristo, Baba." Nami nilivuka barabara. Sikuitikia. Nilijiambia kwamba nilikuwa nimebeba Mafuta Matakatifu, na kwamba watu wangesemaje. Nilikuwa nimeyaona machozi ya Cabiria miaka michache kabla, na nilikuwa nimelia. Machozi ya ukumbini ni rahisi. Mwanamke yule alinitolea salamu ya imani yetu, salamu ninayowapa ninyi kila wiki, na ikaanguka chini bila jibu.

Nilikuja kumsoma padre mwingine, Oreste Benzi wa Rimini, mji ule ule alikozaliwa Fellini. Padre huyo alianzisha Jumuiya ya Papa Yohane XXIII, na katika miaka yake ya uzee, akiwa na kanzu yake iliyochakaa, alikwenda usiku barabarani kuzungumza na wanawake hao, wengi wao wasichana walioletwa Ulaya kwa udanganyifu kutoka Afrika na Ulaya ya Mashariki. Hakuvuka barabara. Jumuiya yake iliwafungulia nyumba. Alifariki mwaka 2007. Tarehe 12 Agosti 2016, katika Mwaka wa Huruma, Papa Fransisko alikwenda katika nyumba moja ya jumuiya hiyo mjini Roma, akawasikiliza wanawake 20 waliookolewa, wakiwamo kutoka Nigeria, na akawaomba msamaha kwa niaba ya Wakristo wote waliowatesa. Miaka miwili baadaye, mbele ya vijana waliokusanyika Roma, alisema waziwazi kwamba wengi wa wateja nchini Italia ni wabatizwa. Mwanamume aliyefichwa tangu mezani pa Simoni alitajwa na Papa mwenyewe, na alitajwa kuwa ni mmoja wetu.

Basi nimjibu mama. Hukukosea kuulinda moyo wa watoto wako. Ni wajibu wako, na hakuna atakayeutimiza kwa niaba yako. Lakini binti yako naye amesema neno la kusikilizwa. Keti nao, mtazame pamoja kwanza wewe ukiwa umeikagua. Jiulizeni: je, mwanamke huyu ana jina, ana mama, ana njaa, ana sala, au ni mwili tu? Je, anayelipa anaonekana, na anaonekana kama nani? Tukimaliza, tutamwogopa zaidi yule wa stendi, tutamtamani, au tutaitikia salamu yake? Filamu isiyoweza kusimama mbele ya maswali hayo, izimeni, hata kama kila mtu ndani yake amevaa nguo nzuri.

Na kwa wanaume wa parokia hii, nanyi vijana wetu: ninajua kwamba wanaotafutwa pale stendi si watu wa mji mwingine.

Tarehe 8 Februari ya kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, Kanisa husali kwa ajili ya wote wanaouzwa. Naomba tusingoje tarehe hiyo. Wiki hii kila jumuiya itoe fumbo moja la rozari kwa ajili ya mwanamke yule wa stendi, ambaye sikumwuliza jina. Nami nimeanza kupita njia ile tena, nikitumaini kwamba nitasalimiwa.

Bwana Yesu, uliyemgeukia mwanamke mbele ya meza ya wenye haki, utugeuze macho. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko